Hesabu ya Komini ya Burhandi

Barua ilifika Jumanne mfukoni mwa dereva wa fuso,
imekunjwa mara nne, inanuka dagaa:
Mtume idadi ya wakaaji kabla ya mwezi kuisha.
Sentensi moja tu. Salamu hamna.

Mimi ni karani wa komini hii.
Nina meza, nina muhuri, nina kidau cha wino
ninachokiongezea maji tangu Pasaka.
Kibao chetu cha barabarani kilikuwa na maneno mawili:
KOMINI sasa ni mlango wa zizi la mbuzi kwa Zihindula,
BURHANDI imebaki, imepinda, inatazama Bukavu.

Nikaanzia mlimani, kwa wambua magome ya kwinini.
Nyumba ya Ntakwinja: wanane, wakasema.
Nikaona vikombe vitatu.
"Na wengine?"
"Wako Kamituga, wanachimba."
"Tangu lini?"
"Si watarudi?"
Nikaandika wanane, kwa penseli.

Kwa Mushagalusa fundi baiskeli
yupo yeye na redio. Redio inasema Kifaransa,
yeye anaijibu kwa Kishi.
Akaniuliza kama mke aliyehamia Goma na watoto
huhesabiwa huku au kule.
Nikamwambia: anapolala.
Akakaza nati iliyokwisha kukazwa.

Shuleni, darasa la sita lina watoto kumi na mmoja
na madawati ya arobaini.
Mwalimu Nshokano amewatawanya, huyu huku, yule kule,
ili mkaguzi akichungulia dirishani aone chumba kimejaa.

Lakini Alhamisi!
Alhamisi ni soko: wanashuka na maharage, mihogo,
kasiksi kwenye vidumu vya mafuta,
nguruwe analia kana kwamba ameisikia bei yake,
wamama wa likelemba wananyoosha noti zilizochoka
juu ya mapaja.
Saa nne asubuhi Burhandi ni mji.
Ningekuwa mwongo mwenye akili ningehesabu Alhamisi.
Saa kumi mvua ikaja, mji ukapanda malori.

Waliozaliwa mwaka huu: kumi na wawili.
Waliokufa: tisa, na mmoja
ambaye nduguze hawataki nimwandike
mpaka mwili uonekane.
Walioondoka: safu hiyo haimo daftarini.
Aliyechora mistari hii hakuiwaza.

Ijumaa jioni, ninajumlisha, akaingia M'Cirhuza,
kitenge kimelowa hadi magotini, bahasha mkononi.
Mwanawe Bisimwa kapata mtoto, Lubumbashi.
Bahasha ilipanda ndege, ikalala siku mbili Bukavu,
ikaja huku chini ya kiti cha pikipiki.
Ndani, kipande kikavu cha kitovu
kimefungwa kwa uzi mwekundu.
"Leo nakifukia nyuma ya migomba. Uandike mtoto."

Nikamweleza sheria: mtoto huandikwa alikozaliwa.
Akanisikiliza mpaka mwisho,
kama mtu aliyesimama barazani akingoja mvua ipite.
"Na wewe, karani, kitovu chako kiko wapi?"
Nikaonyesha kwa kidevu, ng'ambo ya kijito,
palipokuwa nyumba ya mama,
pana magugu, na ndege wanakula parachichi zetu.
"Basi," akasema. Akaketi.

Wino umekuwa rangi ya chai.
Elfu mbili mia sita na nne. Nimefuta nne,
nimeandika tano, nimegonga muhuri juu ya ufutio
ili yule wa Bukavu asiulize.
Dereva wa fuso anapita kesho, kama daraja litakuwepo.
M'Cirhuza haondoki. Anataka kuiona kalamu
ikiandika jina.
Analisoma polepole, kwa kidole,
kisha ananiambia nimekosea herufi moja.