Mkono wa Tatu

Duluth, Oktoba. Kesho Aili anahamia kusini
na gari la marehemu mama yake.
Toivo amefungua mkebe wa nta gerejini.

Mkono wa kwanza: akapaka,
akangoja nta ifanye ukungu,
akaipangusa kwa fulana yake iliyochakaa.
Wa pili ni kwa ajili ya chumvi
wanayoimwaga barabarani theluji ikianguka,
chumvi, mla bati asiye na haraka.

"Mikono miwili yatosha,"
jirani akasema kutoka ng'ambo ya ua.
"Wa tatu hauongezi kitu."

Anajua.

Taa imewaka, vidole vimekufa ganzi,
naye bado anazungusha kitambaa, anazungusha,
pale mlangoni, kando ya kishikio,
ambapo kesho Aili atashika
akiwa amevaa glavu.