Mpaka wa Magharibi ni Maji

Karani wa masjala ana kikohozi cha karatasi.
Ameniuliza mara tatu: mwaka gani?
Sitini na nane, nikasema, au sitini na tisa,
nyumbani mwaka ule unajulikana kwa kifo tu.
Akaingia kati ya rafu kama mtu aingiaye shamba la mtama:
nilisikia anasogea, sikumwona.

Jalada likatoka na kamba yake ya katani.
Mirathi Namba 57. Marehemu Luhende Nkwabi, wa Igombe.
Mende wamekula pembe, katikati wamepaacha,
wadudu wenye adabu kuliko ndugu zangu.
Nasoma nimesimama. Benchi limejaa watu wa talaka.

"Mimi Luhende, nikiwa na akili zangu na homa yangu,"
(karani mwingine angeifuta homa; huyu hakuifuta)
"naacha mizani ya pamba, ya chuma, jiwe moja la ratili limepotea.
Baiskeli isiyo na mnyororo.
Ng'ombe kumi na wawili, na wa kumi na tatu
yuko kwa Kashindye, kwa deni ambalo Kashindye atalikana."
Alilikana. Ukurasa wa tisa, kwa kiapo.

"Na kiwanja.
Mashariki, jiwe lililolala kama ng'ombe anayecheua.
Kaskazini, jiwe lenye ufa unaoingia ngumi.
Kusini, njia ya kwenda kinu cha pamba.
Magharibi, maji."

Mawe yapo. Utotoni niliyakalia
bila kujua nimekalia ushahidi.
Lakini maji, guku! Nani alikwambia maji hukaa?
Ziwa lilipanda, likala migomba minne,
likashuka, likatuachia matope na mtungi usio wetu,
na juzi limepanda tena hadi mlango wa choo.
Hakimu aliandika pembeni: *Maji ya lini?*
Hakuna aliyemjibu.

Kisha warithi.
Wanne nawajua kama vidole:
Bugumba, ndiye baba yangu. Masalu. Ngolo.
Kabula, aliyefia Geita.
Na chini yao, Holo.

Holo amekatwa kwa mstari mmoja.
Mstari hauna sahihi, wala muhuri, wala aibu.
Ukurasa wa kumi na moja baba yangu anaapa: "Tumezaliwa wanne."
Naisikia sauti hiyo,
ndiyo iliyonichapa kwa kulamba sukari ya wageni na kusema sikulamba.

Holo. Yule anayeanika dagaa Igombe hadi leo,
aliyekula jikoni kila sikukuu.
Tulimwita Dada Holo. Wakubwa walisema "aliletwa",
na hakuna aliyesema kutoka wapi.

Nimelipia nakala kwa kurasa. Risiti ninayo.

Nilimkuta anageuza dagaa kwa reki.
Sikujua pa kuanzia, nikaanzia kwa ng'ombe.
Alipomsikia Kashindye akacheka:
"Yule ng'ombe walimchinja kabla ya matanga kuisha. Mimi ndiye niliyeosha utumbo."
Nikafika kwenye majina.
Nikachukua kidole chake, chenye magamba,
nikakiweka juu ya jina lake.
Hajui kusoma. Mstari anaujua.

"Jina ni la wino?"
"La wino."
"Na huu?"

Kwenye nakala vyote ni vyeusi, weusi mmoja.
Lakini mimi niliuona wenyewe, pale dirishani,
nililiinamisha jalada ukang'aa kijivu.
"Penseli, shangazi."

Lilitoka hivyo, shangazi, kama mfupa wa samaki
uliokwama tangu nizaliwe.
Hakusema kitu. Akageuza safu nzima ya dagaa,
akarudi akageuza na ile ambayo ilishageuzwa.

Kisha, macho yake yako ziwani,
kule mpaka wetu unakokwenda na kurudi:

"Raba ya kufutia, siku hizi, ni bei gani?"