Kaskazini ya Mia Saba

Simu haikuwa yangu. Ilikuwa ya Bi Khasiala,
ninayemtengenezea tangu ile ya vibonye,
nami nilikuwa nampelekea ng'ambo ya Ikuywa
kwa njia ya mkato, ndani ya msitu,
maana mawingu yalikuwa bado mbali, upande wa Kakamega,
na mimi ni mtu wa kusema, "Nusu saa tu, nimefika."

Mawingu hayakuwa mbali.

Saa kumi na mbili giza lilishuka na ukungu wake.
Mbega wakanyamaza. Njia ikaisha
kama sentensi ya mtu aliyeitwa jikoni.
Chaji: asilimia ishirini na tatu.
Mtandao: hakuna. Simu inaulizia mnara, mnara, mnara,
ndama anayemlilia mama aliyekwisha kuuzwa sokoni.

Nikaiweka hali ya ndege. Kulia kunakula betri;
hilo nawaambia wateja kila siku pale Shinyalu,
na jioni ile nilijiambia mwenyewe, kwa sauti.

Nikafungua ramani. Ramani haikuwamo.
Kilikuwamo kitone cha samawati
peke yake katika uwanja wa kijivu,
kinajua kilipo, hakijui ni wapi.
Nilikitazama kwa muda.
Sijawahi kuchorwa vizuri namna hiyo.

Basi dira. Sindano ikanionyesha kaskazini
nami nikaifuata kwa heshima,
nikipiga picha kila mti wenye sura:
mkuyu uliochunwa gome na waganga,
mti wenye mizizi kama shuka iliyovurugwa,
gogo lenye uyoga wa rangi ya kiini cha yai.
Ya kwanza, ya pili, hadi ya tisa.
Ya kumi ikawa mkuyu uliochunwa gome.

Hapo ndipo nilipoikumbuka spika.
Yake ilikufa; nikamtilia nyingine
niliyoichomoa kwenye maiti ya simu ya aina nyingine,
sumaku nene kama ya redio.
Ilinigharimu mia mbili. Nikamtoza mia tisa, bei ya mpya.
Nikaizungusha simu hewani, nikachora nane, nane tena,
kama inavyoelekezwa. Sindano ikayumba
ikarudi palepale, upande wa spika.
Kokote nilikogeuka, kaskazini ilikuwa mbele yangu.
Mia saba nilizomwibia mjane
ndizo zilizokuwa zikinizungusha.

Nikaizima. Nikakaa kwenye mizizi, simu kwapani,
maana baridi nayo ni mwizi wa chaji.
Kila nilipohisi saa imepita niliiwasha,
nikamulika tochi mara tatu, nikazima.
Vimulimuli walijibu. Hakuna mwingine.
Nambari ya siri alinitajia dukani bila kunong'ona,
mwaka aliozaliwa bintiye, Mwenesi.
Picha zake sikuzifungua.
Nasema hivyo ili angalau moja lihesabiwe upande wangu.

Alfajiri, asilimia tisa.
Kitone hakina sumaku; kinasoma mbinguni.
Nikapigilia alama pale mkuyuni
na kazi yangu ikawa moja tu: kuhakikisha kitone kinauacha,
kinauacha, hakipindi.
Matope hadi magotini, miiba, siafu katika soksi,
na hondohondo wakipita juu wakipiga kelele
kama mabawa yao yanahitaji grisi.
Asilimia tano. Nne.
Halafu maji. Niliyasikia kwa masikio haya
ambayo sikuyanunua popote.

Darajani nikaiondoa hali ya ndege.
Ujumbe ukamiminika, ishirini, thelathini,
simu ikatetemeka mkononi kama kuku aliyeshikwa,
kisha ikalia. Ikalia vizuri, niseme ukweli,
sauti nzito, safi, hata mto ulisikia.

"Mama?"
"Si mama. Ni fundi. Mwambie nakuja,
ila kuna kitu kimoja sikukitengeneza."
"Kitu gani?"

Asilimia moja.
Nikavuta pumzi.