Maji Magumu

Ijumaa saa nne atakuja Bwana Öchsner
na tochi yake na orodha yake.
Atapiga magoti chooni kama mtu aliyeangusha hereni,
na akiona chokaa ataikata kwenye amana ya kaka yangu.
Leo Jumatano. Nina glavu, ndoo, siki lita tano.

Miaka sita sijakanyaga humu.
Veit hakunifukuza. Tulinyamaziana tu,
kisa saa ya ukutani ya mama,
na saa yenyewe ilikuwa haiendi.
Sasa yuko Kitzingen, anafundishwa upya kushika kijiko,
na nyumba inadaiwa na wenyewe.

Nikainua kifuniko.

Maji ya Würzburg ni magumu, hilo nalijua;
hapa hata chai huota ngozi, birika huota magamba.
Lakini hili sikuwahi kuliona:
pete chini ya pete, rangi ya chai iliyosahauliwa mezani,
zinateremka bakulini hadi kwenye kidimbwi
kilichobaki chini kabisa, kimenikodolea.
Hakuna aliyevuta maji tangu Februari.
Yalijiondokea yenyewe, hewani, haba na haba,
na kila yalipotua kupumzika
yakapiga mstari.

Nikazisoma, nani asingezisoma?
Ya juu, nene: siku alipoanguka jikoni.
Ya pili: jirani aliponiambia, nikajibu nitapiga simu.
Ya tatu: sikupiga.
Ya nne na ya tano zimebanana, zile wiki za joto.
Ya sita sijui. Labda nilikuwa nachuma plamu.

Basi, kazi.
Maji yasukume kwa brashi yashuke shimoni,
ama siki itazimuliwa bure.
Karatasi za chooni zitandike ukutani mwa bakuli,
zimwagie siki ya moto, si ya kuchemka, kauri hupasuka.
Klorini usiiguse,
labda kama unataka kumtangulia mgonjwa kaburini.
Wala usikwangue kwa kisu:
kisu huacha mchoro, na chokaa hupenda mchoro.
Kisha ondoka. Ukoko haulazimishwi, unasubiriwa.

Sikuondoka. Niliketi ukingoni mwa bafu
nikisikiliza vipovu vikipasuka chini ya karatasi,
tsss, tsss, kama watu wanaosengenya.
Shuleni tuliambiwa vilima vyetu vilikuwa sakafu ya bahari,
bahari ambayo hakuna mtu aliyewahi kuilowea mguu.
Mvua hupita kwenye majumba ya kombe waliokwisha kufa,
hubeba kidogo, hutuletea bombani.
Kumbe nasugua kombe.
Kumbe kaka yangu alikuwa akinya juu ya bahari
na hakuniambia.
Nikacheka peke yangu, glavu mkononi,
halafu kicheko kikaenda kombo.

Alhamisi, jiwe la kusugulia miguu, lililoloa,
taratibu, kwa duara. Pete ya sita ikatoka,
ya tano, ya nne. Ya tatu iligoma.
Siki tena. Unga wa ndimu. Goti langu la kushoto likalia.
Saa tisa simu ikaita. Sauti yake nzito, maneno yakijikwaa:
"Choo… umesugua?"
"Nimesugua."
Kimya. Nikasikia kijiko kikianguka mahali.
"Chini… ya mdomo?"
Mungu wangu, yule yule.
Nikalala sakafuni, nikatia kioo cha poda ndani ya bakuli:
chini ya mdomo, meno madogo meupe, safu nzima.
Saa nyingine nzima, kwa mswaki wake wa zamani.
Sikumpigia kumwambia kuwa alikuwa sahihi.
Nilimpigia kumuuliza amekula nini.

Ijumaa Öchsner akamulika, akainama, akaguna,
akaandika: choo, sawa.
Halafu dakika ishirini juu ya kitasa cha dirisha.
Nilimwachia. Ile saa sikuiona popote, sikuitafuta.

Kabla ya kutoa funguo nilivuta maji, bila haja.
Yakazunguka, yakashuka, yakapanda, yakatulia,
maangavu, magumu vile vile,
yakaanza.