Mkate Usiobanduka

Daktari Tsiala ananigeuzia skrini nione:
kijivu juu ya kijivu, na vishimo vyeusi
kama jibini iliyotembelewa na panya.
"Hapa," kidole chake kwenye kovu la Sandro,
kwenye kovu la Eteri,
"kondo halikushika ukuta. Limeuingia."

Nimeoka mikate miaka kumi na minane kule Oni.
Naubamiza unga kwenye ubavu wa tanuri la udongo,
unaiva, naung'oa kwa kulabu.
Kuna siku unagoma.
Ukiulazimisha, unakuja na kipande cha ukuta.
Kwa hiyo nimeelewa kabla hajamaliza.

Jumberi amekumbatia kofia yangu ya sufu
utadhani ndiyo mgonjwa.

Njia zipo.
Mtoto atolewe wiki ya thelathini na tano,
kisha kizazi kitoke na kondo lake humohumo,
pasiwe na mkono wa kulivuta,
maana anayelivuta amefungua bomba.
Au kikatwe kiraka kilicholiwa, hicho tu,
kinachobaki kishonwe,
ikiwa kibofu hakijaguswa. "Nahofia kimeguswa."
Au liachwe.
Kitovu kifungwe, tumbo lifungwe juu yake,
tungoje wiki, miezi, linyauke lenyewe,
na likikataa, homa,
au damu saa nane za usiku.
"Hiyo ni ya mtu anayekaa karibu na hospitali."
Anaitazama anwani yangu.
Oni. Saa tatu za milima, theluji ikipenda.

"Na wewe ungechagua nini?"
Anavua miwani, anaifuta kwa koti, haijachafuka.
"Mimi ningetaka kuamka."

Jumberi anauliza habari za damu, chupa ngapi,
kwani ndugu zake wako saba na wote wanene.
Daktari anacheka, mara ya kwanza.
Waje, anasema. Waje wote.

Mimi nakifikiria kizazi changu,
chumba kilichopangisha watu watatu
na hakikudai kodi.
Sikuwahi kukiaga kitu cha ndani yangu.
Maneno yake ni yapi?

Natia sahihi. Kwenye ukucha wa gumba
umebaki unga wa alfajiri.
"Atakuwa na uzito gani, wiki hiyo?"
"Kilo mbili na kitu."
Mikate mitano, nahesabu.
Sita, kama unga ni mzuri.