Zima Ijumaa

Shule yetu ya Kajaani ilikuwa na kompyuta ishirini na mbili
na mtunzaji mmoja, Veijo Kemppainen,
aliyetembea kama mtu anayehesabu ngazi
hata palipokuwa sakafu tupu.

Januari, saa nane na nusu mchana, jua limeshaaga.
Sisi tunavaa makoti, tunatoka mbio,
yeye anabaki na ufagio, na funguo,
na zile mashine zilizokodoa macho bila kazi.
Mgeni siku mbili; ya tatu, mpe jembe.
Veijo akazipa jembe.

Sikujua wakati ule jembe gani.
Nilijua tu kwamba glavu zangu zilizolowa theluji,
nilizozisahau makusudi,
asubuhi nilizikuta mgongoni mwa mashine ya saba,
kavu, zikinuka sufu na vumbi la moto,
na vidole vyangu viliingia humo
kama mikate inayorudi tanuruni.

Kisha bili ya umeme ikamfikia mwalimu mkuu,
Sinikka Tolonen, mwanamke wa rula na kahawa nyeusi.
Haya nilisimuliwa na Veijo mwenyewe, miaka mingi baadaye,
akikata jibini, bila kuinua macho.
Alikuja usiku. Nje, thelathini na moja chini ya sifuri,
theluji ikilia chini ya viatu vyake kama wanga mkavu.

— Zinafanya nini hizi?
— Zinakunja.
— Zinakunja nini?
— Uzi. Uzi wa protini. Ukijikunja vibaya mwilini,
mtu husahau jina la mwanawe.
Zinajaribu kila namna ya kukunja, moja moja.
— Nani kakutuma?
— Hakuna. Watu wa chuo kikuu waliomba, basi.

Akaketi kwenye kiti cha mtoto,
magoti yakimkaribia kidevu,
akatazama kioo: asilimia arobaini na moja.
Haba na haba, ndiyo,
lakini kibaba chenyewe nani amekiona?
Zikapita dakika kumi na moja.
Arobaini na mbili.
Hakuna aliyesema neno.

— Zima, akasema, akinyanyuka.
Kisha mlangoni, akivuta kofia hadi nyusi:
— Zima Ijumaa.
Ilikuwa Jumanne.
Ijumaa ipi, hakusema.

Veijo alikuwa mtiifu. Alizima Ijumaa:
Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa sita,
shule ilipofunga, usiku wenyewe mweupe,
na glavu zote ziko kabatini.

Shule ile imeunganishwa na nyingine sasa.
Mashine zilipakiwa lorini pamoja na vyuma chakavu,
ya saba ikiwa na uzi mwekundu wa sufu
umenasa kwenye matundu ya feni. Huo ni wangu.

Mimi naishi Tampere, ghorofa ya nne,
narekebisha miwani, fremu na skrubu ndogo kama mbegu za ufuta.
Nikienda kulala naiachia kompyuta yangu ifanye kazi.
Siuiti wema. Sadaka ya mtu aliyelala ni sadaka gani?
Natoa senti za umeme
na kuvumilia feni inayonguruma
kama paka asiye na haja ya kitu.

Ila kuna jambo moja, nimelijua mwaka huu.
Kila kipande cha hesabu hupewa mashine mbili,
maana hakuna inayoaminiwa peke yake:
joto likizidi, chuma nacho hudanganya.
Kwa hiyo yupo mtu, sijui mji gani, sijui lugha gani,
ambaye jana usiku alipewa uzi uleule,
akaukunja kona zilezile,
akapata namba ileile hadi tarakimu ya mwisho.

Hatutaonana.
Huenda jibu lenyewe halina faida, limetupwa tayari.
Lakini tulikubaliana,
mimi na yeye, neno kwa neno,
huku tukikoroma.