Basi Tupu

Waliniuliza uzoefu.
Nikasema: gari la ng'ombe, miaka kumi na moja,
mchanga na matofali, Tunguu hadi Fuoni,
na leseni ninayo, hii hapa.
Wawili wakacheka.
Wa tatu, mwenye miwani ya kusomea,
hakucheka; aliandika.
Aliandika nini, sijui. Siku ya tisa simu ikalia
nami natia chumvi kwenye mchuzi.
Nikaitia mara mbili.

Tulikuwa kumi na wanne, wanawake wawili,
mimi na Raya wa Jang'ombe.
Siku ya kwanza tulikagua matairi.
Siku ya pili, matairi tena.
"Kwanza mjue mmekalia nini," alisema Bwana Pandu Ussi,
na koni zake za rangi ya chungwa, nyengine zishaliwa na jua,
zikatungoja uwanjani kama watoto waliokatazwa kucheza.

Sare ilikuwa ya kiume, kiuno kama mlango wa ghala.
Mama akaipunguza usiku. Hakusema kitu;
kazi hii hakuipenda tangu aliposikia jina lake.
Lakini asubuhi nilipoitazama suruali
kila mshono ulikuwa umepitiwa mara mbili.

Kisha barabarani.
Bwana Pandu hakai mbele.
Huenda kiti cha mwisho kabisa, juu ya gurudumu,
pale mtu anaporushwa, akafumba macho.
Basi tupu, viti thelathini na tisa,
mimi, na sauti yake kutoka nyuma:

Breki ya ghafla, Mwembeladu:
"Umemmwagia Bi Zume uji wa mgonjwa."
Kona ya Mlandege:
"Mtoto kagonga meno. Hilo la mbele lilikuwa linalegea, kweli,
lakini kuling'oa si kazi yako."
Nikaondoka Darajani kabla ya wakati:
"Mzee Ameir mguu mmoja ndani, mmoja Darajani.
Unampeleka upi?"

Nikawaogopa watu wasiokuwepo.
Kitandani nikawasikia wakigonga bati,
shusha, dereva, shusha,
nami mguu wangu unakanyaga shuka.

Mtihani wa kwanza nilianguka.
Kiplefti cha Michenzani: nilingoja nafasi
mpaka nafasi zenyewe zikanichoka,
na honi nyuma yangu zikanitaja kwa majina ya wanyama.
Raya alipita. Akaninunulia urojo,
tukala kimya, tukausifu ukwaju.

Usiku ule nilimkumbuka Tufaha, ng'ombe wetu mwekundu,
na baba akinishikisha kamba nina miaka tisa:
"Usimvute. Tazama unapotaka kwenda.
Shingo yako ikigeuka, yake itageuka."
Nilidhani ni habari za ng'ombe.

Mara ya pili sikuyatazama magari.
Nilitazama nilikotaka kwenda,
na mita kumi na mbili za chuma zikanifuata.
Mbele ya karakana nikasimamisha,
breki zikatoa pumzi, pshhh,
kama Tufaha akivuliwa nira.
Nyuma, kimya. Nikageuka.
Bwana Pandu alikuwa amefumbua macho, anafuta vumbi kiatu.
"Leo hakuna aliyelalamika," akasema, akashuka.

Jumatatu, saa kumi na mbili alfajiri, Fuoni.
Bismillahi. Mlango ukafunguka, wakaingia wa kweli,
wenye harufu ya sabuni, ya udi, ya samaki wa jana.
Mama mmoja kakumbatia chupa ya uji kwa kanga.
Nusura nimwambie, karibu Bi Zume.
"Shika bomba, mama," nikasema tu.
"Nimeshika. Wewe shika lako."

Akashukia Mnazi Mmoja, kanga yake kavu.
Hakuaga, na kwa nini aage?
Nikainua macho kwenye kioo, mpaka kiti cha mwisho.
Kijana mmoja amelala, mdomo wazi,
kichwa kinamcheza kidogo.
Kidogo tu.